Jiwe jeusi, kamba na wembe: tunavyokosea mtu akiumwa na nyoka

"Jiwe linanyonya sumu, likishiba linadondoka lenyewe."

Hilo si jiwe. Kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa hadi ukawa mweusi, wenye vitundu vidogo vidogo. Ukiuweka penye damu unanata kwa kuwa unafyonza unyevu, ukilowa unaachia. Sumu imeshaingia mwilini zamani. Mbona wapo waliowekewa wakapona? Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata wenye nayo mara nyingine huuma bila kutoa tone. Mtu huyo angepona hata kwa kipande cha mkaa. Sifa zinakwenda kwa jiwe, na kesho jirani aliyeumwa na koboko, nyoka mwenye sumu kali, atapelekewa jiwe hilohilo.

"Funga kamba kwa nguvu juu ya jeraha."

Hapa ndipo miguu inapopotea. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, ana sumu inayoua nyama: mguu unavimba, unatoa malengelenge, ngozi inageuka nyeusi. Ukiukaza kwa kamba, unaunyima damu mguu ambao tayari uko taabani. Vua pete, saa na viatu mapema kabla uvimbe haujavibana, mguu utulizwe kwa gango, yaani kijiti au ubao unaofungwa pembeni, safari ya hospitali ianze. Bodaboda si haba: mgonjwa akae katikati, dereva mbele, mtu mwingine nyuma amshike. Kama kamba imeshafungwa kwa saa kadhaa, waachie wahudumu waifungue, maana sumu huweza kumwagika mwilini kwa mkupuo.

Kuchanja kwa wembe na kunyonya kwa mdomo? Acha. Sumu nyingine huzuia damu kuganda, nawe unamwongezea majeraha.

"Hajavimba, basi yuko salama."

Muulize aliyewahi kumwona mtu aliyeumwa na koboko. Mguu unaweza kuwa wa kawaida kabisa huku kope zinalegea, mate hayamezeki, na baadaye pumzi inakata. Anayeanza hivyo anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua.

Kumuua nyoka ili umpeleke hospitali nako hakuna haja. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma. Picha ya simu, kwa mbali, inatosha.

"Mtoto apewe nusu dozi ya dawa ya kuzuia sumu ya nyoka."

Dozi ni ileile ya mtu mzima. Nyoka hakupunguza sumu kwa sababu aliyeumwa ni mtoto.