Flashi ya wazi na flashi yenye kidhibiti

Kila anayeanza kuhamishia postmarketOS au Ubuntu Touch, mifumo endeshi ya Linux kwa ajili ya simu, kwenye simu ya zamani hakosi kupewa ushauri huu: "Simu inatumia flashi, kwa hiyo tafuta mfumo wa faili wa flashi." Umerudiwa mpaka ukazoeleka, na unawapotezea watu muda mwingi bila sababu.

Maana yenyewe ni fupi. Mfumo wa faili ni utaratibu unaoiwezesha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kujua faili gani iko wapi kwenye hifadhi, inaitwaje, ni ya nani, na nafasi ipi bado iko wazi. Ext4, F2FS, Btrfs na UBIFS yote ni mifumo ya faili. Patisheni ni kipande tu cha hifadhi. Mfumo wa faili ndio unaowekwa ndani yake.

Sasa tuje kwenye flashi. Chipu ya NAND, aina ya flashi inayotumika kuhifadhia data kwenye simu, ina masharti yake: data huandikwa ukurasa kwa ukurasa, kilobaiti chache kila mara, lakini ukitaka kufuta, lazima ufute bloku nzima yenye kurasa kadhaa. Kila bloku huchakaa kadiri inavyofutwa, na baadhi hutoka kiwandani tayari mbovu. Lazima awepo wa kuyasimamia hayo. Kwenye simu za Android za mwanzo, kama HTC Dream ya 2008, kazi hiyo ilifanywa na kerneli yenyewe: chipu ilikuwa wazi mbele yake, na mfumo wake wa faili, YAFFS2, ukajua bloku ipi imekufa na uruke wapi. JFFS2 na UBIFS, ile iliyotumika kwenye Nokia N900, ni za ukoo huohuo. Hiyo ndiyo mifumo ya flashi kwa maana kamili.

Kisha ikaja aina mpya ya hifadhi ya simu, eMMC, na baadaye UFS. Humo chipu imefungiwa pamoja na kidhibiti chake, na kidhibiti hicho ni kama karani wa ghala: ukimwomba gunia namba tano atakuletea, ila alilihamishia kona gani usiku hakuambii. Kusawazisha uchakavu na kukwepa bloku mbovu ni juu yake. Kerneli inaona diski ya kawaida tu. Ndiyo maana Nexus S, mwishoni mwa 2010, iliweza kuachana na YAFFS2 ikatumia ext4, mfumo uleule wa kompyuta za Linux.

F2FS ndiyo inayochanganya watu zaidi. Iliandikwa Samsung, ikaingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2013, na kwa kuwa jina lake linaitaja flashi, wengi wameitia kapu moja na UBIFS. Sivyo. F2FS imetengenezwa kwa ajili ya hifadhi yenye kidhibiti: huandika kwa mfululizo badala ya kurukaruka, ili kukipunguzia kidhibiti kazi. Bloku mbovu za NAND haizishughulikii kabisa. UBIFS nayo, ukiipeleka kwenye eMMC, haina pa kushika.

Kujua simu yako iko upande gani ni amri moja: soma /proc/partitions. Ukiona mmcblk0, ni eMMC. Ukiona sda, aghalabu ni UFS. Ukiona mtdblock, chipu iko wazi.

Ukishajua hilo, itazame kerneli kabla ya kubishania kasi. Simu nyingi za zamani zimebaki na kerneli ya mtengenezaji, 3.4 au 3.10. Soma /proc/filesystems, orodha ya mifumo ya faili ambayo kerneli inaitambua; kama F2FS haimo wala huna moduli yake (kipande cha kerneli kinachopakiwa kando), huna haja ya kuijadili. Hata ext4 ina mtego wake: mkfs.ext4, amri ya kufomati, kwenye kompyuta za siku hizi huwasha metadata_csum, kipengele cha kukagua usahihi wa taarifa za mfumo wa faili ambacho kerneli 3.4 haikifahamu. Simu inawaka, inakwama, na ndani ya dmesg, yaani ujumbe wa kerneli, unakuta kwa mfano "couldn't mount RDWR because of unsupported optional features (400)". Hapo mtu huanza kulaumu eMMC kwamba imekufa, kumbe mara nyingi ni kufomati upya tu bila kipengele hicho, kwa -O ^metadata_csum.

Kwa simu ya eMMC mimi hushauri ext4 kwanza, mpaka mfumo uwake na skrini iitikie. F2FS ijaribiwe baadaye kwenye patisheni ya data. Na wewe unayemwambia mwenzako atafute "mfumo wa flashi", tafadhali muulize kwanza: chipu yake iko wazi, au ina kidhibiti?