Betri ya pikipiki haichaji: maneno ya kijiweni na majibu ya mita

"Shikamoo fundi. Betri imekufa tena."
"Marahaba. Ya ngapi hii?"
"Ya tatu tangu mwaka uanze."

Kijana huyu hupaki bodaboda yake karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, na pikipiki yenyewe imeshapita mikononi mwa watu watatu. Betri mbili za kwanza alikwisha kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamwambia tufungue siti kwanza kabla hajakimbilia dukani. Betri ilisoma volti 12.1. Tukawasha kwa kiki, nikapiga resi, mita ikabaki palepale. Betri ilikuwa nzima, ila umeme wa kuijaza haukuwa unafika.

Tukafuata waya mpaka kwenye rektifaya, lile boksi la alumini lenye mapezi, linalogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri. Fremu ilikuwa imepigwa rangi upya, nyeusi inayong'aa, na bolti ya rektifaya ilikuwa imefungwa juu ya rangi hiyohiyo. Kwenye pikipiki ile rektifaya hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia fremu, kwa mwili wake, na rangi haipitishi umeme. Nikafungua kwa spana namba 10, nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe kwa upana wa sarafu, nikafunga tena. Mita ikapanda mpaka 14.2. Ilikuwa kazi ya robo saa, na yeye alikuwa ameshapoteza betri mbili.

Inaniuma kuona mtu anayelala na hesabu ya tajiri akinunua betri kwa kubahatisha. Haya ndiyo ninayoyasikia kila wiki, na haya ndiyo ninayoyakuta nikifungua.

"Betri ya volti 12 ikisoma 12, iko sawa"

Haiko sawa. Betri ya risasi na asidi ina vyumba sita, na kila kimoja kikiwa kimejaa hutoa takriban volti 2.1. Jumla yake, betri iliyopumzika saa kadhaa bila kazi, ni 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma 12.0 imebaki kama robo, na ikiachwa hivyo wiki kadhaa sahani za risasi zilizo ndani yake hujengeka fuwele ngumu za salfeti ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Pikipiki nyingi zinazowekwa ndani msimu mzima wa mvua, mwenyewe akiwa shambani Bahi au Kongwa, huua betri zao namna hii bila kutembea hata kilomita moja.

Kwa hiyo kabla ya spana, tafuta multimita ya kawaida ya kidijitali. Ni rahisi kuliko betri mpya, na itakufanyia kazi miaka mingi. Iweke kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri unaokwenda upande mmoja, kipimo cha 20. Pima mara tatu: asubuhi kabla ya kuwasha, wakati unabonyeza stata, na injini ikiwaka huku umepiga resi ya wastani. Kipimo cha kwanza kinakuambia betri ina chaji kiasi gani. Cha pili kinakuambia ina nguvu kiasi gani: ikiwa ilianza na 12.6 lakini ikaporomoka chini ya 10 mara tu stata inapovuta, hiyo betri kweli imechoka. Cha tatu ndicho watu wengi hawakipimi. Kinapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Kikibaki 12 na kitu, chaji haifiki. Kikivuka 15, chaji imezidi, na betri mpya utakayoweka itachemka mpaka ikauke kama ile ya kwanza.

"Inawaka kwa kiki bila shida, basi chaji ipo"

Pikipiki nyingi ndogo za zamani hupata umeme wa plagi kutoka koili yake maalumu ndani ya magneti, ile sehemu ya injini inayozalisha umeme, bila kugusa betri kabisa. Nyingine hata taa kubwa huwaka moja kwa moja kutoka kwenye magneti, ndiyo maana hufifia injini ikiunguruma taratibu na kung'aa ukipiga resi. Inaweza kutembea hivyo mwaka mzima huku betri haipati hata tone.

"Chomoa betri injini ikiwaka, isipozima, ujue inachaji"

Hili naomba liishe. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye rektifaya. Ukiichomoa ghafla, volti huruka juu, na nimeona balbu zote za pikipiki moja zikiungua kwa mpigo. Rektifaya yenyewe inaweza kufa hapohapo, hata CDI, kile kiboksi kinachopeleka cheche kwenye plagi. Jaribio lenyewe halikuambii chochote, kwa sababu hiyo niliyokwisha kuieleza: injini inaweza kuendelea kuwaka hata kama chaji haipo.

Ukitaka kujua umeme unapotelea wapi, fuata njia yake. Magneti huzunguka juu ya koili, koili hutoa umeme wa AC, unaogeukageuka mwelekeo, rektifaya huugeuza kuwa DC na kuuzuia usizidi, kisha hupita kwenye waya na fyuzi mpaka betri. Anza na ethi, maana ndiyo rahisi. Injini ikiwa inawaka, gusa waya mwekundu wa mita kwenye mwili wa rektifaya na mweusi kwenye hasi ya betri. Kwa rektifaya inayopata ethi kwa mwili, usome karibu na sifuri. Ukipata zaidi ya volti 0.3, kuna rangi, kutu au bolti iliyolegea katikati.

Kisha tazama soketi ya waya zinazotoka kwenye magneti. Itoe, igeuze juani, itazame kwa makini. Soketi nzima ni nyeupe. Mbovu imegeuka rangi ya chai ya maziwa, plastiki imenywea kuzunguka tundu moja, na kipini cha ndani kimekuwa cheusi. Tundu hilo ndilo lililokuwa linapata moto kwa sababu kipini hakishiki vizuri, na vumbi letu hili jekundu linaongeza tatizo. Kusukuma soketi irudi ndani hakusaidii. Kata, weka vipini vipya, vibane barabara.

Soketi ikiwa nzima, geuza mita iwe kwenye AC na upime koili soketi ikiwa imetolewa. Zikiwa waya tatu za rangi moja, pima mbili mbili: namba zipande unapopiga resi, na jozi zote tatu zikaribiane. Jozi moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, koili imeungua. Zima injini, kisha pima kama waya hizo zinashikana na ethi. Kwenye mfumo wa waya tatu hazitakiwi kushikana kabisa. Ila kuwa mwangalifu: pikipiki nyingi ndogo zina koili ambayo mwisho wake mmoja umefungwa kwenye ethi kiwandani. Nimeona koili nzima ikitupwa kwa sababu fundi alitumia kanuni ya pikipiki kubwa kwenye pikipiki ndogo.

"Maji yakipungua, ongeza asidi ipate nguvu"

Hapa Dodoma jambo hili ni zito kuliko mikoa ya baridi. Joto na chaji vinapoteza maji ya betri. Asidi yenyewe inabaki ndani. Ukiongeza asidi juu ya asidi, mchanganyiko unakuwa mkali kupita kiasi. Kwa siku chache stata itazunguka kwa nguvu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kisha sahani zinaliwa. Kinachoongezwa ni maji yaliyochujwa chumvi, yale ya kuuzwa kwenye chupa. Ukienda duka la spea usiseme tu "maji ya betri", kwa sababu unaweza kupewa asidi. Sema unataka maji ya kuongezea, na usome chupa.

Wengine hutumia maji ya bomba au ya kisima. Angalia birika la nyumbani kwako lilivyo na ukoko mweupe ndani. Chumvi hiyohiyo ndiyo utakayokuwa unaiweka kwenye betri, na haitoki tena. Jaza mpaka kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni, usivuke wa juu. Zile "betri kavu" zisizo na vifuniko nazo zina asidi, ila imenyonywa kwenye nyuzi za kioo katikati ya sahani. Usizitoboe uongeze chochote.

"Ikichemka ndiyo imejaa"

Sehemu za kuchajisha hupenda chaji ya saa moja au mbili, kwa sababu foleni ni ndefu. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 inataka ampea 0.7 hivi, sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, kwa saa kumi au zaidi kidogo ikiwa imeisha. Ukiibana kwa ampea 5 itapata moto na kutoa mapovu mengi. Hayo mapovu ni maji yanayovunjika kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni hulipuka, kwa hiyo sigara na jiko la mkaa vikae mbali, na chumba kiwe na hewa. Mapovu madogo mwishoni ni ya kawaida. Betri ikiwa ya moto mkononi, simamisha.

Vijijini Chamwino na Bahi watu hufunga betri moja kwa moja kwenye paneli ya sola. Paneli ya wati 10 si mbaya kwa ukubwa, hutoa kama ampea 0.5 jua likiwa kali, ndiyo saizi ya betri ndogo. Tatizo ni kwamba paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kufika 21 ikiwa haina mzigo. Betri ikishajaa hakuna wa kuizuia. Weka kontrola ndogo ya chaji katikati.

"Stata ndiyo inayomaliza betri"

Tupige hesabu. Tuseme stata inavuta ampea 60 kwa sekunde 2. Hizo ni ampea-saa 0.033 tu, na chaji ya ampea 1 inazirudisha kwa dakika mbili. Sasa chukua taa za ziada na spika ya muziki, jumla wati 36, zikiwaka kijiweni huku umezima injini unasubiri abiria. Hizo ni ampea 3. Betri ya 7 iliyojaa itakuwa imeisha baada ya kama saa mbili, na ya zamani hata saa moja haifiki. Kijana wangu wa Majengo alikuwa na taa nne za rangi chini ya fremu. Tulibakiza mbili, tukaziunganisha ziwake injini ikiwaka tu.

Kuhusu fyuzi nitasema kwa kifupi: karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuruhusu waya zote za pikipiki ziungue badala ya kile kipande kidogo. Weka fyuzi ya namba ileile iliyoandikwa. Ikikatika tena, kuna waya uliochubuka unagusa chuma, mara nyingi pale shingoni usukani unapokunja.

Na sakafu ya saruji hainyonyi chaji. Maneno hayo yana asili ya zamani, enzi za betri zenye maboksi ya mbao na mpira yaliyoweza kuvujisha. Plastiki ya leo haipitishi. Betri iliyowekwa chini miezi mitatu hupungua chaji yenyewe hata ukiiweka juu ya meza. Ichajishe mara moja kila mwezi.

Unapoitoa, fungua hasi kwanza ndipo chanya, ili spana ikigusa fremu isipige shoti. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, usafishe kwa maji yenye magadi soda kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa yasiingie ndani. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi dakika 20 bila kusimama, kisha nenda hospitali.

Ile betri ambayo mita imethibitisha imekufa kweli, usiimwage uani ili iwe nyepesi kubeba. Asidi yake ina risasi iliyoyeyuka, na uani ndipo watoto wanapocheza na kuku wanapodonoa. Mpelekee mnunuzi ikiwa nzima, imesimama wima, vifuniko vyote vimebanwa.