Vioo Vikubwa, Nembo ya Uongo: Kulikagua Beetle la 1964

Mzee mmoja wa Casuarina, hapa Malindi, aliniita nikamtazamie Volkswagen Beetle aliloachiwa na marehemu kaka yake. Logbuku inasema 1964. Kila aliyepita barazani kwake alimwambia kwamba milango na vioo vimetolewa kwenye gari jingine, kwa kuwa ni vikubwa kuliko vya Beetle za mwaka huo wanazozijua. Mzee alikuwa karibu kuliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Kazi hii mimi huianzia kwenye nambari ya chesi. Kibati kilicho mbele, nyuma ya gurudumu la spea, hakinitoshi, maana kibati hung'olewa kikapachikwa kingine. Nikainua kiti cha nyuma, nikapangusa mchanga, na nambari ikaonekana imegongwa kwenye chuma chenyewe cha katikati ya sakafu. Ilianza na 115.

Tarakimu hizo tatu zilimaliza ubishi wa baraza zima. Agosti 1964 kiwanda kilibadilisha mpangilio wa nambari: 11 ni aina ya gari, 5 ni toleo la 1965, kisha zinafuata tarakimu 6 za mfululizo. Mwaka wa kiwanda ulikuwa ukianza Agosti, si Januari. Basi gari lililotoka kati ya Agosti na Desemba 1964 ni la 1964 kwa kalenda, na la 1965 kwa toleo. Na toleo hilo ndilo lililopanuliwa vioo. Nikamwambia, "Mzee wangu, vioo ni vyake, na logbuku haikudanganya."

Sikuishia hapo. Nilifungua mita ya spidi ya kampuni ya VDO, ambayo huwa na mhuri wa tarehe. Rimu za chuma nazo hugongwa mwezi na mwaka. Tarehe za vipande hivi zinapaswa kutangulia kidogo kuzaliwa kwa gari. Zikija baada yake, kipande hicho ni mgeni. Mita ilikubali. Rimu moja tu ndiyo iliyokubali, tena ile ya spea, iliyokaa miaka yote ndani ya boneti bila kukanyaga barabara.

Kilichonikera ni boneti. Ilikuwa na nembo ya Wolfsburg, mji kilipo kiwanda, ile ya mbwamwitu juu ya ngome, inang'aa kama pete mpya. Kiwanda kiliacha kuiweka mwaka 1962. Je, boneti yenyewe ilitoka kwenye gari la zamani zaidi? Nilitazama kwa ndani. Tundu la kiwandani hutobolewa kabla ya rangi, kwa hiyo rangi huingia hadi kwenye midomo yake. Matundu haya ya nembo yalikuwa na kingo zilizochanika kwa drili, chuma kitupu, kutu imeshaanza. Aliyefanya hivyo alitaka kulipamba gari, nami naumia kila nikiona urembo wa namna hii, kwa sababu unafuta historia ambayo hairudi.

Kwa magari ya pwani, matundu ni muhimu kuliko kromu yenyewe. Kusi ikivuma chumvi hujikusanya nyuma ya mikanda ya kromu ya ubavuni, klipu huoza, na mafundi wengi huing'oa mikanda na kuziba matundu kwa puti. Beetle la daraja la chini, Standard, halikuwa na mikanda hiyo tangu mwanzo, wala bampa za kromu. Kwa hiyo ukionyeshwa ubavu laini, pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Ikilegea kwenye mstari wa matundu, hapo pana puti, na gari lilikuwa la daraja la juu. Ikishika sawasawa kote, usikubali kuuziwa kromu. Kwenye hili la mzee sumaku ililegea mahali kadhaa, kwa mpangilio.

Nje ni jekundu. Chini ya dashibodi, na nyuma ya kadibodi ya buti, ni jeupe. Nadhani ni ile nyeupe ya lulu, L87 kwenye orodha ya kiwanda, lakini jicho langu si hati. Makumbusho ya magari ya Volkswagen kule Wolfsburg hutoa cheti kutokana na nambari ya chesi, chenye tarehe ya kutengenezwa, rangi, kitambaa cha viti na nchi lilikopelekwa. Tumeshapeleka maombi. Mpaka yajibiwe, nimemwomba mzee asiruhusu mtu yeyote apitishe msasa chini ya dashibodi ile.