Princeton haikuthibitisha kwamba nia hugeuza mashine

Husemwa sana kwamba Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kilithibitisha kuwa mawazo hugeuza matokeo ya mashine. Maabara ya kuchunguza dai hilo ilikuwepo kweli: PEAR, iliyoanzishwa na mhandisi Robert Jahn mwaka 1979, ikafungwa 2007. Kifaa chake kilitumia kelele za umeme (mtikisiko wa umeme usiotabirika) kutoa biti 200, yaani tarakimu za 0 au 1, kwa kila jaribio, wastani wa idadi ya 1 ukitarajiwa kuwa 100. Mhusika alinuia namba hiyo ipande, ishuke, au hakunuia chochote.

Tofauti iliyodaiwa? Biti chache tu katika kila 10,000. Kifaa kikiegemea upande mmoja, kulinganisha nia ya kupanda na ya kushuka hufuta kasoro hiyo. Kazi ngumu ni kuzuia uchaguzi wa data: kusimama matokeo yanapopendeza, au kutafuta kipimo kipya baada ya kuona namba. Watafiti wa Freiburg na Giessen, Ujerumani, wakishirikiana na Princeton yenyewe, walirudia jaribio; ripoti ya mwaka 2000 haikupata athari kuu iliyotarajiwa.

Ukitaka kujaribu nyumbani, andika nia na idadi ya raundi kabla ya kuanza, kisha rusha sarafu mara 200. Vichwa kati ya 86 na 114 ni bahati ya kawaida, na takriban raundi moja katika 25 itatoka nje ya hapo bila msaada wa akili ya yeyote.