CPAP na pua kuziba: yanayosemwa na ukweli wenyewe

CPAP ni ile mashine inayosukuma hewa kupitia maski usiku ili koo la mtu anayekatika pumzi usingizini lisijifunge. Wengi wanaoiacha hawaiachi eti imeshindwa kufungua njia ya hewa, wanaiacha sababu ya pua. Mtu anaamka pua imeziba, koo kavu, paji la uso zito, anaamua mashine haimfai anairudisha kwenye boksi, na pumzi inaendelea kumkatika usingizini kila usiku. Inaniuma maana mara nyingi inarekebishika kabisa, ila watu wanaambiana vitu ambavyo sio.

Kubwa kuliko zote ni ile ya "pua inaziba kwa sababu ya unyevu, zima hilo tenki la maji", yaani lile tenki la mashine linalotia unyevu kwenye hewa. Mara nyingi ni kinyume chake. Kawaida ukivuta hewa, pua inaipa joto na unyevu, halafu ukitoa pumzi kwa pua sehemu ya ule unyevu inabaki puani. Sasa ukilala mdomo wazi huku mashine inasukuma, hewa inaingia puani inatokea mdomoni moja kwa moja, pua inatoa tu haipokei, inakauka, inavimba ndani, na ikishavimba unashindwa kuipumulia kwa hiyo mdomo unazidi kufunguka. Ukiamka ulimi umegandia juu kwenye kaakaa, shuku hilo kwanza. Hapo unaongeza unyevu, sio kupunguza, na mdomo nao unaushughulikia, kuna wanaosaidiwa na mkanda wa kidevu na kuna wanaohitaji maski inayofunika pua na mdomo.

Wengine wakisikia hivyo wanapandisha unyevu hadi namba ya mwisho. Nayo sio. Chumba kikiwa na baridi, ile hewa ya moto yenye mvuke inapoa njiani ndani ya mpira unaoleta hewa kwenye maski inageuka matone, unasikia mpira unabwabwaja halafu ghafla maji usoni, na mtu anadhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Shusha namba moja, weka mashine chini kuliko kichwa chako ili matone yarudi kwenye tenki, pitisha mpira ndani ya blanketi au tumia ule mpira wenye joto lake. Na usishangae namba inayokufaa usiku wa baridi isikufae usiku wa joto.

"Basi nashusha presha ya hewa mwenyewe." Tafadhali usifanye hivyo, presha yako ilipangwa kulingana na koo lako linavyojifunga. Kama kinachokusumbua ni ule mwanzo wa usiku, kuna setingi inayoanza na presha ndogo inapanda taratibu ukiwa unasinzia.

Halafu spreyi za kufungua pua haraka, zile zenye oksimetazolini au zailometazolini. Zinafungua kweli, ndio maana watu wanazipenda, lakini ukizidisha siku 3 hivi pua inaanza kuzitegemea, dawa ikiisha nguvu inaziba kuliko mwanzo. Kama una aleji muulize daktari kuhusu spreyi ya steroidi, hiyo ni kitu kingine na inataka uvumilivu wa siku kadhaa mpaka wiki.

Maji je, yoyote sawa? Kwenye tenki weka ya distili (yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa tena kuwa maji), ya bomba yanaacha ukoko wa chumvichumvi. Mwaga yaliyobaki kila asubuhi, osha tenki kwa sabuni laini, liache likauke. Mafuta ya kunukia usitie humo kabisa, yanaishia mapafuni. Ukisafisha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala (inasaidia sana!) tumia ya distili au yaliyochemka dakika 1 nzima yakapoa, kwenye miinuko ya juu sana dakika 3, sababu ya bomba yanaweza kuwa na amiba, kijidudu ambacho hakionekani kwa macho, ambayo ukiinywa haikudhuru ila ikipitia puani inafika kwenye ubongo na inaua.

Na sio kila pua iliyoziba ni mashine. Homa, maumivu makali ya uso, au makamasi mazito yanayopita siku 10 bila nafuu, hiyo ni ya daktari, na muulize hapo hapo kama uendelee na CPAP wakati unatibiwa.