Moshi wa Kiangazi: Tusiwasingizie Wakongo

Kuanzia Julai mpaka mvua za kwanza, simu zinazoingia kituoni kwetu cha hali ya hewa Kigoma ni za aina moja: milima ya Kongo haionekani ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vifua vinabana, nguo zilizoanikwa zinanuka moshi. Kisha hukumu: "Wakongo wamewasha moto." Ndugu wananchi, malalamiko tunayapokea. Hukumu hiyo inakwenda kinyume na upepo.

Miezi hiyo upepo mkuu ni kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki. Simama ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, uelekee ziwani: utakupiga mgongoni, upande wa kushoto. Moshi mwingi basi ni wa mapori ya upande wetu, Uvinza, Katavi, Tabora, na wao ng'ambo ndio tunaowapelekea.

Tutajibiwa kwamba mchana upepo unatoka ziwani. Ni kweli. Jua hupasha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, na wavuvi wa dagaa hawahitaji sisi kuwaeleza. Moshi uliosukumwa usiku ukalala juu ya maji, alasiri unarudishwa mjini. Anayeuona ukija kutoka magharibi anadhani umezaliwa magharibi.

Moshi unasafirije? Usiku ardhi hupoa, hewa ya chini ikawa baridi na nzito, ya juu yake ikabaki na joto. Moshi unakwama hapo kama mvuke chini ya mfuniko wa sufuria. Jua likishika, saa nne au tano, mfuniko unafunguka na hewa inapanda hata kilomita 2 au 3. Huko hakuna miti wala milima ya kuupunguza upepo. Chembe zenye upana wa chini ya maikromita 2.5 (unywele ni kama 70) huelea siku kadhaa. Agosti na Septemba, moshi wa mioto ya Afrika hupimwa kisiwani Ascension, katikati ya Atlantiki.

Kinachoushusha hasa ni mvua. Mfano ni wingu la mionzi: mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine, ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986. Siku mbili baadaye mionzi yake ikagunduliwa Forsmark, Uswidi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale. Wales, mvua ilinyesha wingu hilo likipita juu, ikaishusha mionzi malishoni, na baadhi ya wafugaji wa kondoo waliwekewa masharti ya kuhamisha na kuuza mifugo yao hadi 2012.

Wengine wanauliza tunapimaje. Kila saa mwangalizi hutoka nje (nje, si dirishani), anatazama alama ambazo umbali wake unajulikana, anaandika ile ya mbali zaidi anayoiona. Uoni ukiwa mita 5,000 au pungufu kwa sababu ya moshi, taarifa ya hali ya hewa kwa ndege inaandikwa FU, alama ya moshi. Utusitusi mkavu ni HZ. Haiandikwi "hali mbaya", hata mpigaji akisisitiza.

Kuhusu sheria: Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 imeweka masharti ya kuchoma uoto, na kibali ni mojawapo. Anza ofisi ya kijiji, wajulishe majirani wa shamba, safisha njia ya kuzuia moto, kisha ndipo kiberiti. "Nilichoma kidogo tu" si kibali. Na wanaorekodi sauti za WhatsApp kutangaza hewa ya sumu itakayoingia Jumamosi wasome Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, Na. 2 ya 2019: kutoa utabiri bila idhini ya Mamlaka hiyo ni kosa.

Wanaochoma mapema, Mei na Juni, majani yakiwa bado na unyevu, moto wao ni mdogo. Wengi lakini huchoma jioni kwa kuwa upepo umetulia. Moto hautoroki, hilo tunakubali. Moshi nao hautoroki: unalala kijijini na watoto wenu mpaka saa nne asubuhi.