Jaji naye anawajibishwa? Maana ya maadili ya majaji wa Mahakama Kuu

Juzi kijiweni karibu na soko la Majengo, tunapiga zetu kahawa na kashata, mzee mmoja kakaa na bahasha ya kaki kaipakata kama mtoto. Kashindwa kesi ya kiwanja Mahakama Kuu, na kesi za viwanja hapa Dodoma tangu serikali ihamie na CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa inasimamia viwanja, ivunjwe 2017 mnazijua wenyewe. Mzee anauliza swali moja tu, huyu jaji nimshtaki wapi? Kila mtu akamtajia ofisi yake, mmoja Takukuru, mwingine kwa mkuu wa mkoa, mwingine eti nenda pale jengo jipya la makao makuu ya mahakama, lile Rais Samia alilofungua Aprili 2025, ukapige kelele getini. Nikaona hapa watu wanachanganya vitu viwili, kukosea sheria na kukosa maadili.

Maadili ya jaji ni mwenendo wake, siyo hukumu yake. Yaani anavyoishi, anaokaa nao, anachopokea, anavyoongea na watu mahakamani, anavyochelewesha au kuwahisha kazi. Majaji na mahakimu wa Tanzania wana kanuni zao za maadili, na mawazo makubwa ya kanuni hizo yanafanana na zile kanuni za kimataifa za Bangalore za 2002, ambazo zinasema jaji awe huru, asipendelee, awe mwadilifu, ajiheshimu hadharani, awatendee watu wote sawa, na aijue kazi yake na kuifanya kwa bidii.

Hilo la kujiheshimu hadharani ndo watu hulidharau na ndo gumu kuliko yote kwa maisha yetu ya Kitanzania. Chukulia mambo ya michango ya harusi. Mimi na wewe tukiozesha tunaunda kamati, tunaanzisha grupu la WhatsApp, tunatupia kadi za mchango hadi kwa mtu uliyesoma naye darasa la nne. Jaji afanyeje? Akimtumia kadi wakili ambaye kesho anasimama mbele yake, wakili atakataa vipi jamani, na yule mwenye kesi upande wa pili akijua wakili wa mwenzake alichanga laki tano kwenye sendofu ya binti wa jaji, hata hukumu ikiwa safi kama maji ya kisima hataiamini. Kwa hiyo hatuangalii tu kama kapendelea kweli, tunaangalia pia mtu wa kawaida mwenye akili zake angeonaje. Ndo maana jaji mwenye undugu, urafiki wa karibu au maslahi kwenye kesi anatakiwa ajitoe, na wewe mwenye kesi una haki ya kumwomba ajitoe, kwa sababu za maana lakini, siyo kwa vile sura yake huipendi. Mnakumbuka kesi ya ugaidi ya Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, na wenzake, Septemba 2021 Jaji Luvanda alijitoa baada ya washtakiwa kusema hawana imani naye, kesi ikaenda kwa jaji mwingine.

Siasa ndo kabisa, Katiba ibara ya 113A inamkataza jaji kujiunga na chama chochote, haki aliyobaki nayo ni kupiga kura yake tu. Na kwa kuwa anahesabika kiongozi wa umma chini ya ile sheria ya maadili ya 1995, anajaza fomu ya mali na madeni kila mwisho wa mwaka kama mawaziri na wabunge.

Sasa uwajibikaji, yaani akikiuka nani anamuuliza. Turudi kwa mzee. Kama kilio chake ni kwamba jaji hakuuelewa ushahidi au kasoma sheria vibaya, hiyo siyo kesi ya maadili hata kidogo, hiyo ni rufaa, unaenda Mahakama ya Rufani na notisi ya kukata rufaa inatakiwa iingie ndani ya siku 30. Jaji hashtakiwi kwa kuamua tofauti na ulivyotaka, ana kinga, na kinga hiyo mimi naiunga mkono kabisa, maana vinginevyo kila mwenye hela angewaburuza majaji mpaka wote waogope kuandika hukumu dhidi ya wakubwa.

Ila kama jaji kaomba kitu kidogo, kinga haifiki huko. Rushwa ni jinai na Takukuru wanamhusu jaji kama wanavyomhusu karani, kwa hiyo yule jamaa wa kwanza kijiweni alikuwa sahihi kwa hilo tu. Wa mkuu wa mkoa naye alikuwa na nusu ya ukweli, maana Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 imeweka kamati za maadili za mkoa na wilaya ambazo mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya ndo wenyeviti, lakini hizo ni za mahakimu. Jaji ana kamati yake peke yake, Kamati ya Maadili ya Majaji, na juu kuna Tume ya Utumishi wa Mahakama ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu na ndiyo inamshauri Rais mambo ya nidhamu ya majaji.

Kumfukuza sasa ndo safari. Ibara ya 110A inasema jaji anaondolewa kwa kushindwa kazi, iwe ugonjwa au sababu nyingine, au kwa mwenendo mbaya, na siyo kwa barua ya asubuhi moja kama mtendaji wa kijiji. Rais anaunda tume ya kuchunguza, mwenyekiti na wajumbe wengine wasiopungua wawili, na huyo mwenyekiti pamoja na angalau nusu ya wajumbe hao wawe majaji kutoka nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Wakati huo anaweza kumsimamisha jaji baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Tume ikisema aondoke, anaondoka. Wapo wanaosema Rais anateua na Rais huyohuyo anaunda tume, hapo pana walakini, na mimi siwabishii sana, ila kinachonikera zaidi ni ukimya. Malalamiko yanaingia, sisi wa nje matokeo yake hatuyasikii, ndo maana kijiwe kinajaza majibu yake.

Mzee tukamfungulia bahasha, tukasoma tarehe ya hukumu. Siku 30 zilikuwa zimepita wiki mbili nyuma wakati yeye anamtafuta wa kumshtaki jaji. Kijana mmoja anayesoma sheria pale UDOM akamwambia achana na jaji kwanza baba, kesho asubuhi tafuta wakili ufungue maombi ya kuongezewa muda, na uwe na sababu.